Kila nikipuliza dawa, mnazi wangu wa sebuleni unazidi kunyauka

Shangazi wa Mimea, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Lushoto, ila ndoa ilinileta Uganda na sasa ni mwaka wa kumi na moja tangu tuhamie Luzira, hapa jijini Kampala, kando ya Ziwa Viktoria. Sebule yetu inatazama magharibi, na mbele yake ipo barabara ya vumbi jekundu inayopitwa na malori mchana kutwa. Humo ndani nina vyungu kumi na vitatu vya mimea, na kwa kweli ndiyo starehe yangu pekee watoto wakishalala.

Taabu ilianza mwezi wa Januari. Majani ya mnazi wa mapambo, ambao ndio mkubwa kuliko yote, yalitokwa na vidoa vidogo mno vya rangi ya manjano, kana kwamba mtu ameyanyunyizia mchanga mwembamba. Baadaye makuti ya chini yakageuka rangi ya majani makavu ya kuezekea, na katikati ya vijani vyake ukaonekana utando mwembamba ambao dada anayenisaidia kazi aliufuta kwa ufagio akidhani ni wa buibui wa kawaida. Wakati huo huo niliona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya mmea wa pesa, na pia kwenye krotoni niliyoinunua Desemba kwa muuzaji wa kando ya barabara. Sakafu chini ya mimea hiyo miwili inanata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mashina yake kama wenye kazi ya kulipwa. Isitoshe, ua la Usambara ambalo dada yangu aliniletea kutoka nyumbani, akiwa amelificha kwenye mkoba ndani ya basi, limezungukwa na vijinzi vyeusi. Mume wangu anasema hivyo vijinzi ni wale wadudu wa ziwani wanaovutwa na taa.

Mume wangu huyo huyo alikwenda kununua dawa ya nyanya, akapimiwa kidogo kwenye chupa ya soda, bila lebo. Tumepuliza sebule nzima mara tatu katika wiki tatu. Baada ya mara ya kwanza sisimizi walitoweka kwa siku mbili tukafurahi. Baada ya mara ya tatu mnazi umekuwa hali mbaya kuliko mwanzo, na mtoto wetu wa mwisho, ambaye bado anatambaa, alikohoa usiku kucha. Jirani ananishauri nifute majani kwa waragi, ile pombe kali ya huku. Mama mkwe ananiambia nitupe vyungu vyote, maana kwa maoni yake mimea ya ndani huleta mbu. Nimekosea wapi, Shangazi, na nianzie wapi?

Mama wa vyungu kumi na vitatu, Luzira

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mtoto. Niruhusu nianze na ile chupa ya soda kabla sijagusa jani lolote, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu katika barua yako. Dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo haikuambii ina sumu gani wala inachanganywa na maji kiasi gani, na daktari akikuuliza mtoto amevuta nini, hutakuwa na la kumjibu. Uganda ina sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti kemikali za kilimo, na moja ya sababu za kuwapo kwa sheria ya namna hiyo ni kwamba mnunuzi ajue anachokibeba. Zaidi ya hayo, dawa hizo zimekusudiwa shambani, penye upepo, na mpulizaji akiwa amejifunika. Hazikukusudiwa chumba ambamo mtoto anatambaa kisha anatia vidole mdomoni.

Acha kuitumia leo. Usiimwage chooni wala mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro ya huko kwenu mwisho wake ni ziwani. Ifunge vizuri, iandike kwa kalamu nene kwamba ni sumu, iweke mahali penye kufuli ambapo hakuna mtu atakayedhani ni soda, kisha mwulize afisa kilimo wa eneo lenu namna ya kuikabidhi. Fua mapazia na vitambaa vya makochi, na upige deki sakafu kwa maji ya sabuni zaidi ya mara moja. Ikiwa kikohozi hakijaisha, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, na chupa hiyo uende nayo ikiwa imefungwa ndani ya mfuko. Na kama wakati wowote atatokwa na mate au jasho jingi kupita kawaida, atatapika, atapumua kwa shida, au mboni za macho yake zitasinyaa na kuwa kama tundu la sindano, hilo si jambo la kusubiri kupambazuke.

Sasa tuje kwenye mimea. Kosa lako ni kudhani kwamba una mdudu mmoja. Kwa maelezo uliyonipa una wageni wa aina tatu, kila mmoja ana mahali pake na tabia yake, na mmoja kati yao, kwa hesabu ya wanasayansi, si mdudu hata kidogo.

Huyo asiye mdudu ndiye anayeumaliza mnazi wako. Anaitwa utitiri, na ana miguu minane, kwa hiyo jamaa zake ni buibui na kupe. Ni mdogo kuliko nusu ya milimita, anakaa upande wa chini wa jani, na anatoboa chembe moja moja za jani na kufyonza kilichomo; kila chembe aliyoimaliza inabaki kidoa cha manjano, na ndiyo huo mchanga ulioniandikia. Ule utando ambao dada aliufuta kwa ufagio ulikuwa wake. Ukitaka kuhakikisha, weka karatasi nyeupe chini ya kuti, ligonge mara mbili tatu, kisha tazama vumbi lililoanguka kwa muda wa kuhesabu hadi sitini. Vumbi halitembei. Ukiona nukta zinatembea, na ukiisugua moja kwa kidole ikaacha mstari wa kahawia au wa rangi ya majani, umeshampata mwenyewe.

Utitiri hupenda joto na ukavu. Katika joto anaweza kutoka kwenye yai hadi kuwa mzazi kwa wiki moja au mbili tu, na jike mmoja hutaga mayai hata zaidi ya mia moja katika uhai wake. Januari ya Kampala, dirisha la magharibi na vumbi la malori vilikuwa vimemwandalia karamu. Kisha mkaja na dawa. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viwavi na inzi weupe wa nyanya zina sipamethrini au kemikali za ukoo wake, ambazo utitiri mara nyingi huzivumilia, lakini ambazo huwamaliza utitiri wengine walao utitiri na wadudu wadogo ambao kazi yao ni kumla huyu. Kwa hiyo kila mlipopuliza, huenda mliwafukuza askari mkambakiza mwizi. Hali kuwa mbaya zaidi baada ya mara ya tatu ndilo jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupambana na utitiri angelitarajia.

Tiba yake ni maji, na mengi. Jioni, jua likishapungua, vika chungu mfuko wa plastiki ufunike udongo, toa mnazi nje au uingize bafuni, na uoshe kila kuti kwa maji yanayotoka kwa nguvu ya wastani, ukipitisha vidole upande wa chini kama unayeosha mboga. Rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa muda wa wiki tatu, bila kuruka, kwa sababu maji hayawezi kung'oa mayai yote na yale yaliyobaki yataanguliwa. Mara ya pili na ya nne, baada ya kuosha, pulizia maji yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai katika lita moja, uyaache kwa saa moja au mbili kisha usuuze. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, ambayo inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye kijani kimoja na usubiri hadi kesho yake. Sabuni inaua kile inachokigusa ikiwa bado mbichi, na ikishakauka haina kazi tena, kwa hiyo kupulizia juu juu ya majani ni kupoteza sabuni.

Usisubiri vidoa vipotee, maana jani lililofyonzwa halirudi kuwa kijani. Kata makuti ambayo zaidi ya nusu yake yamekauka, lakini usiguse kabisa ule mchomo wa katikati unaochipuza juu, kwa kuwa kila shina la mnazi lina kikonyo kimoja tu cha kukulia, na kikifa shina lote limekufa. Kipimo chako kiwe majani mapya. Usogeze pia mnazi mita moja au mbili kutoka dirishani, na kila Jumamosi uyafute vumbi majani ya mimea yote kwa kitambaa chenye maji. Kazi hiyo ya dakika ishirini inazuia utitiri kuliko chupa yoyote ya dukani.

Ile pamba kwenye mmea wa pesa na krotoni ni vidung'ata. Hawa ni wadudu kweli, wafyonzaji wa utomvu, na majike yao hayana mabawa. Hujifunika unga mweupe wa nta, na mayai yao, ambayo hufika mamia, huyaweka ndani ya kifuko kinachofanana kabisa na pamba ya dukani. Utomvu wanaoufyonza una sukari nyingi kuliko wanayoihitaji, kwa hiyo wanaitoa nyuma kama matone matamu; hayo ndiyo yanayonata sakafuni, na yakikaa juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wako wamefuata sukari hiyo. Wanawachunga vidung'ata kama mchungaji na ng'ombe wake, wanawafukuza maadui zao, na wakati mwingine huwabeba hadi kwenye mmea mwingine. Ndiyo maana furaha yenu ya siku mbili ilikuwa ya mapema: mliwaua wachungaji, na ng'ombe wakabaki malishoni.

Nta hiyo hukinga maji na hata sabuni, lakini haihimili spiriti. Nenda duka la dawa ununue spiriti ya kusafishia vidonda, ile yenye nguvu ya asilimia 70, chovya pamba ya masikioni, na umguse kidung'ata mmoja mmoja mpaka abadilike rangi kutoka nyeupe kuwa ya kahawia au ya waridi. Fungua kila ungio la jani na utazame ukingo wa chungu, ndani na nje. Baada ya hapo osha mmea mzima kwa maji ya sabuni niliyoyataja. Rudia kila wiki kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu vichanga wanaotoka kwenye mayai ni wadogo sana na siku za kwanza hawana nta, hata jicho zuri linawakosa. Fanya kazi hiyo madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, kwani spiriti inashika moto haraka. Ukipata mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa vizuri, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji ya uvuguvugu pamoja na matone machache ya sabuni husaidia kuwapunguza vichanga hao. Pulizia jioni, kwani mafuta na jua vikikutana juu ya jani huliunguza.

Kuhusu waragi, jirani yako hayuko mbali sana na ukweli. Waragi ya chupa yenye lebo huwa na kileo cha takriban asilimia 40, ambayo ni hafifu kwa nta ya kidung'ata, na bei yake inazidi ya spiriti. Ile ya kienyeji haina kipimo, na inaweza kuwa na mambo mengine ndani yake. Mwachie jirani waragi yake.

Nina neno juu ya ile krotoni ya Desemba. Karibu nina hakika ndiyo iliyowaleta vidung'ata, kwa maana huenda ilifika ikawekwa siku hiyo hiyo katikati ya wenzake. Mmea mpya, hata uwe mzuri kiasi gani, ukae peke yake chumba kingine kwa wiki tatu, na wiki hizo uukague chini ya majani na kwenye maungio. Na hapa, mwanangu, lazima nimguse na dada yako. Mmea unaovuka mpaka unatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, na mkoba wa basi si cheti. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini kwa njia ya kubebwa namna hiyo; alionekana mara ya kwanza mwaka 1973 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, akaenea kwenye mashamba ya muhogo ya nchi nyingi, na watu wakala njaa. Aliyemdhibiti hakuwa mpuliza dawa. Mtaalamu Hans Herren na wenzake walimleta nyigu mdogo kutoka Paraguai, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata huyo, na wakaanza kumwachia mashambani huko Nigeria mwaka 1981. Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Ninakueleza haya ili uone kwa nini mhibiskusi wa uani unaweza kuwa na vidung'ata wachache miaka nenda miaka rudi bila kufa, ilhali mmea wa pesa wa sebuleni unamalizwa kwa miezi miwili: nje kuna nyigu, kuna wadudu kobe, kuna mvua. Sebuleni nyigu ni wewe na pamba yako ya masikioni.

Kama baada ya wiki sita krotoni bado ina pamba, itoe kwenye chungu utazame mizizi. Wapo vidung'ata wanaoishi chini ya udongo, na ukikuta unga mweupe kwenye mizizi, mimi ningeitupa, ndani ya mfuko uliofungwa, bila huruma. Mmea wa pesa ni rahisi zaidi: kata vipande vitatu vya ncha visivyo na dalili, vioshe, viweke kwenye glasi ya maji, vitaota mizizi kwa wiki chache, na mama yao unaweza kumtupa.

Wamebaki vijinzi vya ua la Usambara, nao hawana makuu. Mume wako anaweza kukosea hapa, ingawa Luzira ni mahali ambapo kosa hilo linaeleweka. Wadudu wa ziwani huja kwa wingi kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, huzunguka taa, na asubuhi unawafagia wakiwa wamekufa dirishani. Vijinzi vya udongo havina msimu. Ukitikisa chungu vinaruka kutoka ndani, kisha vinatua na kukimbia juu ya udongo. Weka kipande cha kiazi ulaya kibichi juu ya udongo kwa siku mbili, kisha kigeuze: ukikuta vifunza vyembamba vyeupe vyenye kichwa cheusi, vijinzi hivyo vinazaliwa humo humo. Vifunza hivyo hula ukungu na mboji iliyolowa, na vikizidi hula na mizizi myembamba. Sababu ni maji mengi. Acha udongo ukauke kiasi cha sentimita mbili au tatu juu kabla ya kumwagilia tena. Kwa wale wanaoruka, kata vipande vya jerikeni kuukuu la njano, vipake mafuta ya kupikia, uvichomeke kwenye vyungu. Rangi hiyo inawavuta na mafuta yanawanasa. Mzunguko wao ni wa wiki tatu au nne, kwa hiyo uvumilie mwezi mmoja.

Ila ua hilo lisiingie bafuni na mnazi. Majani yake yana manyoya, na maji baridi yakituama juu yake huacha mabaka. Mwagilia pembezoni mwa chungu kwa maji yaliyokaa ndani yakalingana na joto la chumba, na vumbi uliondoe kwa brashi laini ya kupakia rangi. Wewe wa Lushoto huenda ulishaliona likiota lenyewe kwenye miamba yenye kivuli cha msitu. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892, alilikuta huko huko kwenu Tanga. Likumbuke kivuli hicho unapolichagulia mahali, maana dirisha la magharibi litaliunguza.

Mama mkwe usimpuuze. Mbu hawaletwi na majani, lakini wanataga katika maji yaliyosimama, na visahani kumi na vitatu chini ya vyungu kumi na vitatu vinaweza kuwa madimbwi kumi na matatu. Vimwage nusu saa baada ya kila umwagiliaji, uvisugue mara moja kwa wiki, na umwoneshe vikiwa vikavu.